Bukini wangu wakitaga kidogo tu wanaanza kuatamia, hii ni mbegu au chakula?

mkulima_usagara

Wakuu mwangaluka. Naomba tusaidiane kwenye hili la bata bukini maana mtaani nimeuliza kila mtu ana lake. Mi niko Usagara, Mwanza, hapa njia panda ya kwenda Kigongo, nafuga bukini wale wenye nundu juu ya mdomo, weupe na wa kijivu wamechanganyika. Nilianza na majike wachache na dume mmoja niliowatoa kwa mzee fulani Sengerema, sasa wamekuwa kundi la maana tu. Shida yangu ni mayai. Jike anaanza vizuri, yai leo, kesho anapumzika, keshokutwa lingine, yakifika nane au kumi hivi unamkuta kashajinyonyoa manyoya ya kifuani kayatandika kwenye kiota, ukisogea anashusha shingo chini anakufokea fssss, basi hapo biashara imeisha mpaka aangue, alee, abadilishe manyoya ndo umfikirie tena. Wote wako hivo isipokuwa mmoja wa kijivu, huyo anataga anainuka anaenda zake kwenye majani hana habari, na anaendelea kutaga wenzake wakiwa wamelala. Kinachonichanganya zaidi ni hawa majike wadogo waliozaliwa hapa hapa kwangu, ndo wameharibika kabisa kuliko mama zao, wanataga sita saba wanalala. Mwenye duka la vyakula ananiambia niongeze dagaa, jirani ananiambia ni ukoo nibadilishe dume. Sasa jamani dume anahusika vipi na mayai wakati hatagi? Na kuatamia kunarithiwa au ndege yeyote akiona mayai mengi lazima alale? Natanguliza shukrani.

Kamongo

Mkuu si uwaache walale upate vifaranga uuze, mayai ya bukini hapa mjini nani ananunua? Anyway mi nimekaa siti ya mbele nasubiri wataalamu.

mkulima_usagara

@Kamongo vifaranga ndo nauza mkuu, mayai yenyewe siuzi sana. Ila piga hesabu, jike akitaga kumi akalala kwa mwaka sijui mara mbili utapata vifaranga wangapi. Akitaga thelathini arobaini mengine naweza kupeleka kwenye mashine ya kutotoleshea.

pumba_na_mashudu

Chakula usikidharau. Bukini anaishi kwa majani sawa, lakini yai halitoki kwenye majani matupu. Kipindi cha kutaga mpe dagaa wale wa kufagia pale soko la samaki la Mwaloni, ni bei ya chini, changanya na pumba ya mpunga na mahindi, na chokaa ya mifugo kwa ajili ya ganda. Mashudu nenda na ya alizeti, haya ya pamba yamejaa huku kwetu na ni rahisi lakini yana sumu ya asili ukizidisha kiini cha yai kinageuka rangi ya kijani kijani hivi halafu uanguaji unakuwa wa kusuasua. Lakini hata mimi nakiri chakula hakimfanyi bukini asilale, kinamfanya atage vizuri ule muda anaotaga, basi.

bwanashamba_mstaafu

Nimesoma wote. Kabla sijaandika marefu nina swali kwa mwenye uzi, mayai ya huyo jike wa kijivu asiyelala huwa yanaenda wapi?

mkulima_usagara

Yanaliwa mkuu 😂 kwa vile halali nayo, watoto wanakaangiwa, mengine mama chanja anawapelekea wageni. Kwani vipi?

bwanashamba_mstaafu

Basi umeshajijibu. Kaa chini nikueleze maana hili jambo wafugaji wengi wa huku ukanda wa ziwa linawapita.

Kwanza kuatamia si ukaidi wala si kuzeeka. Jike akigusa mayai kwa kifua kile alichonyonyoa, na akiyaona kiotani, taarifa inaenda kwenye ubongo, ubongo unaamrisha tezi iliyo chini yake imwage homoni inaitwa prolaktini. Prolaktini ikipanda, zile homoni zinazokuza mayai zinashuka, ovari inasinyaa, na vile viini vikubwa vilivyokuwa vinajiandaa kuwa yai la kesho na keshokutwa vinanyonywa na mwili vinapotea. Ndo maana akishalala kweli kweli hata ukimlisha dagaa wote wa ziwa hatagi, mtambo umezimwa. Kila jike ana huo mtambo. Tofauti ni wepesi wa kuuwasha, mmoja mayai saba yanatosha, mwingine hata akiona ishirini haushtuki, na huo wepesi ndio unaorithiwa.

Usifikirie ni jeni moja kwamba anayo au hana. Kwa kuku watu walikaa miaka mingi wanaamini iko jeni kubwa ya kuatamia kwenye kromosomu Z (moja ya zile mbili zinazoamua jinsia ya ndege), kwa sababu ukimchukua jogoo wa ukoo unaoatamia ukampandisha kwa mitetea isiyoatamia, binti wanaanza kulala. Baadaye walipopima kwa umakini hawakuikuta hiyo jeni moja kubwa kwenye Z, wakaona ni jeni nyingi ndogo ndogo zinazosukumana, nyingine zinavuta huku nyingine kule. Bukini ni hivyo hivyo, wanaopima wanaangalia jeni ya prolaktini yenyewe, jeni za vipokezi vyake (vile vinavyopokea ujumbe wa homoni mwilini), za vipokezi vya dopamini (kemikali ya ubongo), kila moja inachangia kidogo. Kwa hiyo hakuna kipimo cha kununua ukajua huyu atalala huyu hatalala. Kipimo ni daftari.

Sasa njoo kwako. Kuna jike zinazolala na kuna moja isiyolala. Zinazolala zinaangua, watoto wao unawabakiza wanakuwa majike wa kesho. Isiyolala mayai yake mnakaanga. Yaani kila mwaka unachagua ukoo wa kuatamia bila kujua, na ukoo wa kutaga unaingia kwenye kikaango. Hata wafugaji waliotutangulia ndo wamefika hapo, kijijini ndege asiyelalia mayai yake hana kizazi, akiondoka ameondoka na jeni zake.

Na uone kwamba inawezekana kwenda upande wa pili. Hawa wa nundu asili yao ni yule bukini mwitu wa China mwenye shingo ndefu, si yule wa kijivu wa Ulaya aliyezaa aina za Toulouse na Embden. Ndani ya China kwenyewe, wa kaskazini mashariki kama Zi na Huoyan walichaguliwa kwa mayai, karibu hawalali kabisa na jike mzuri anakaribia au anafika mayai 100 kwa mwaka. Shuka kusini kule Guangdong ukute Magang, spishi ile ile, huyo anataga fungu dogo analala, anarudi anataga fungu jingine analala tena. Wa Ulaya wengi wanakaa katikati, Toulouse na Embden utapata thelathini arobaini kwa msimu, wa nundu wa kawaida huwapita.

Kamongo

Duh nondo hizi. Kumbe chapati mayai ndo zimeua ukoo 😂😂

nyasaka_finest

Mi nina wazo la haraka, kwa nini usiagize mayai ya hao Zi moja kwa moja ukamaliza stori? Mwaka mmoja tu una bukini wa mayai mia.

bwanashamba_mstaafu

@nyasaka_finest mbali na vibali vya kuingiza mayai na magonjwa, kuna mwanga. Bukini hutaga kwa kusoma urefu wa mchana. Ulaya wanaanza Februari au Machi mchana unaporefuka, kufika Juni wamefunga. Wale wa kaskazini mwa China hali kadhalika. Mwanza iko kusini kidogo tu ya ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki hata nusu saa, kwa hiyo ndege aliyechaguliwa kwa vizazi kufuata mchana wa kule hapa anakosa wa kumpigia filimbi. Mia ile haihamishiki kama mzigo. Hawa tulionao wameshazoea kufuata mvua na majani mabichi, wengi utaona wanachangamka vuli ikianza, mimi ningefanyia kazi hawa hawa.

mama_kayenze

Hapo kwa mvua mzee umesema kweli, wangu hapa Kayenze majani yakichipua tu kandokando ya ziwa ndo unasikia kelele za kupandana majini asubuhi.

Nije kwenye vitendo. Mkulima mdogo wangu, huyo wa kijivu usimkaange tena mayai. Kila akitaga liokote, andika kwa penseli herufi yake na tarehe, yai la bukini ni kubwa nafasi ya kuandika ipo. Kalamu ya wino usitumie. Majike wangu walikuwa wanachangia kiota kimoja mpaka nikashindwa kujua lipi la nani, nikawafunga kamba za rangi mguuni, alfajiri nachungulia nani amekaa. Baada ya muda huhitaji hata kuchungulia maana kila jike ana umbo lake la yai, mmoja lake limechongoka sana upande mmoja, mwingine la duara na ganda lina vinundu vinundu, halibadiliki hilo. Weka kiotani yai moja la uongo ili asihame, mengine ondoa. Ukiacha yarundikane unamwita alale, hata yule mgumu wa kulala.

Mayai yake mpe bata wa kawaida yule wa kienyeji mwenye nyama nyekundu usoni, huyo analala haswa, amezoea kulala siku 35 na bukini ni kama 30 tu kwa hiyo hachoki kabla ya muda. Kuku naye anaweza, manne matano basi, halafu kuku hana nguvu ya kuyageuza mazito vile, wewe ndo umsaidie kuyageuza mchana. Au mpe mmoja wa hao bukini wako wanaopenda kulala, wana kazi yao hao usiwachinje wote. Mi nawaita mayaya. Yai lisikae zaidi ya wiki moja kabla ya kulaliwa, likizidi siku kumi uanguaji unashuka.

Na yule aliyelala usiyemtaka alale, mtoe mapema, siku ya kwanza au ya pili, mweke kwenye tenga au banda lenye sakafu ya mabanzi yenye nafasi upepo upite chini, pawe na mwanga, chakula na maji tele, kiota asikione. Siku kadhaa anaacha. Ukisubiri mpaka ameshalala wiki mbili utabishana naye sana. Wengine wanamnyima maji ati ateseke aache, huo ni ukatili na unachelewesha kurudi kutaga.

mkulima_usagara

Mama asante sana, tenga la kuku wa mnadani linafaa?

mama_kayenze

Linafaa ukiliinua kwa matofali. Ukiliweka chini kwenye vumbi analala hapo hapo bila mayai.

mkulima_usagara

😂😂 Sawa. Sasa mzee bado hujanijibu la dume. Nibadilishe au nisibadilishe? Na hawa wadogo wanaotaga saba niwauze?

bwanashamba_mstaafu

Wadogo usiwauze kwa ajili ya msimu wa kwanza. Bukini si kuku wa leya anayefikia kilele mapema halafu anashuka. Jike wa msimu wa kwanza anataga machache na madogo, anapanda msimu wa pili na wa tatu, na anaweza kuendelea vizuri miaka mitano na zaidi. Kwa hiyo hapo ulipowalinganisha na mama zao umelinganisha msichana na mama mtu mzima. Linganisha msimu wao wa kwanza na msimu wa kwanza wa mama zao kama unakumbuka, kama hukumbuki subiri mwakani. Huenda wameharibika kweli kwa sababu ile niliyosema, huenda ni umri tu, daftari litakwambia.

Dume sasa. Fikiria dume la ng'ombe wa maziwa, hakamuliwi lakini hakuna mtu anayenunua dume bila kuuliza mama yake alitoa lita ngapi. Dume wa bukini ana nusu ya jeni za kila kifaranga bandani kwako. Jike ana nusu kwa watoto wake tu, dume ana nusu kwa watoto wa majike wote anaowapanda. Kwa hawa wa nundu dume mmoja anahudumia majike manne watano vizuri, kwa hiyo ukikosea dume umekosea kundi zima.

Kuna na jambo la kromosomu ambalo kwa ndege liko kinyume na kwetu. Kwetu mwanaume ndo mwenye mbili tofauti. Kwa ndege jike ndo ana Z na W, dume ana Z mbili. Binti anapokea W kutoka kwa mama, na Z yake moja tu aliyonayo inatoka kwa baba. Maana yake chochote kizuri alichonacho yule wa kijivu kwenye Z yake hakiendi kwa binti zake, kinaenda kwa watoto wake wa kiume, na hao ndo wanakipeleka kwa wajukuu wa kike. Nimesema hapo juu kuatamia hakujakaa kwenye Z peke yake, sehemu kubwa imetawanyika kwenye kromosomu nyingine na hizo binti anapata kutoka pande zote mbili. Lakini hesabu yote inakupeleka pale pale, usiuze madume wote watoto wa kijivu kwa ajili ya Krismasi. Bakiza mmoja au wawili.

Kamongo

Lakini mzee akimbakiza mtoto wa kijivu si atampanda mama yake na dada zake? Hapo si ndo matatizo mengine

bwanashamba_mstaafu

@Kamongo umesema jambo la maana kuliko yote uliyosema tangu uzi uanze 😄. Ndugu kwa ndugu kwa bukini kunaonekana haraka, mayai mengi yanakuwa matupu, mengine kifaranga anafia ndani akiwa amekamilika. Tena mwenye uzi alianza na dume mmoja na wote hawa wamezaliwa kwake, naamini tayari wameshaanza kuzaliana kindugu. Kwa hiyo madume watoto wa kijivu wabadilishane na mfugaji mwingine ambaye naye anaandika mayai. Dume mgeni asiye na historia hakusaidii kutaga, atakusaidia tu kuondoa undugu.

Na usitegemee miujiza. Idadi ya mayai inarithiwa kwa kiasi kidogo, jike mmoja kutaga sana mwaka mmoja huenda ni bahati, huenda alikuwa na afya nzuri kuliko wenzake. Ndo maana unaangalia na dada zake na binti zake. Binti wa kijivu hawatafika alipo mama yao wote, watakaa katikati, mmoja mmoja atampita. Huyo ndo unaanza naye tena. Jike kuanza kutaga ni miezi minane, tisa, kumi, halafu msimu mzima wa kumpima, kwa hiyo hii ni kazi ya miaka.

nyasaka_finest

Miaka?? Mi narudi kwa kuku wa kisasa. Heshima kwenu lakini 🙌

kipepe_wa_kisesa

Samahani nimechelewa kwenye uzi. Mkulima kabla ya yote hayo umeshamulika mayai ya huyo wa kijivu ukajua yana mbegu? Nauliza kwa sababu dume wa bukini anachagua, kuna jike anampenda na kuna jike hata hamuangalii, na jike asiye na mume mara nyingi unaona tu anazurura peke yake anataga popote anaondoka. Unaweza ukajenga ukoo kwa mayai matupu. Usiku, siku ya saba au ya nane tangu yalaliwe, weka tochi ya simu kwenye upande mnene wa yai uzibe mwanga kwa mkono, ukiona mishipa myekundu imesambaa kutoka kwenye kidoa basi ni zima. Likiwa linapitisha mwanga lote njano tupu, hilo ndo kaanga.

mama_kayenze

Hilo kweli kabisa. Na kama ni tupu usimtupe jike, mtenge na dume wiki mbili tatu wakae wao wawili tu, na beseni kubwa la maji, wanapenda kupandana majini.

mkulima_usagara

Wakuu nimerudi. Nilimuwekea yule bata wa kienyeji mayai sita ya kijivu, jana usiku tumemulika na mtoto wangu, manne yana mishipa, moja tupu, moja sikuelewa linaonekana kama lina pete ya damu.

kipepe_wa_kisesa

Lenye pete limekufa mapema, litoe lisije likapasuka likachafua mengine. Manne ni mazuri sana, maana yake dume anampanda. Mimi nina dume wa mwaka jana mweupe, mama yake nilimwandikia mayai misimu miwili sikuwahi kumuona analala, ila nikuambie ukweli ana fujo, anafukuza hata bodaboda. Wako wakitoka salama ukapata dume, wakikomaa tubadilishane.

mkulima_usagara

Tumekubaliana. Fujo si neno, hapa njia panda vibaka ni wengi.